Kidole Kilichokatwa Siku ya Salongo

Jumamosi asubuhi, katika miaka ile ya Zaïre, kila nyumba ilitoa mtu mmoja na chombo kimoja kwa ajili ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Shefu wa avenyi, mkuu wa barabara yetu, alipita saa moja akigonga malango kwa fimbo, na aliyechelewa jina lake liliandikwa. Kwetu Nyalukemba kazi yenyewe ilikuwa karibu kila mara mitaro. Mlima ukinyeshewa wiki nzima hushusha udongo mwekundu, na mtaro usipozibuliwa maji huingia sebuleni.

Kwa nyumba yetu nilitoka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa darasa la sita, naishi na mama yangu, mjane aliyezaliwa Walungu na kuletwa Bukavu na ndoa. Mama hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alinusa maziwa kabla ya kuyachemsha na akayanusa tena baada ya kuyachemsha. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo.

Upande wa chini wa ua wetu alikaa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Bunyakiri, muuza unga wa muhogo sokoni. Tuliazimana kinu na ungo kwa miaka mingi bila neno, mpaka mwisho wa mwaka wa shule, nilipoandika kwenye karatasi ya matokeo ya binti yake kwamba arudie darasa. Msichana hakuwa mjinga. Alikosa masomo siku nyingi mno. Mama yake alikuja na karatasi ile mkononi, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Mwalimu, mutoto yangu alikukosea nini?”

“Hakunikosea, mama. Ni pointi njo zinakosa.”

“Pointi ni weye unaandikaka.”

Aliikunja karatasi, akaenda. Toka siku hiyo hakunisalimia tena. Tukikutana njiani alitazama ukuta, na mama yangu akaanza kuhamisha kamba ya nguo zetu mbali na ua wake.

Ilikuwa miezi minne baadaye, mvua imekolea, shefu wa avenyi alipotupanga wawili wawili kwenye mtaro. Kwa kuwa nyumba zetu zilifuatana, aliniweka na mama wa msichana yule. Jirani alikuwa na jembe. Mimi nilikuwa na beseni kuukuu la kuchotea matope na kuyamwaga kwenye boroweti, toroli la gurudumu moja. Tulifanya kazi kama saa nzima bila kusema. Yeye alipiga jembe, akarudi hatua. Mimi niliinama, nikachota, nikarudi hatua. Tulikuwa tumepata mwendo wetu, na nakumbuka niliwaza kwamba labda uadui wetu ungeisha hivyo, kwa kazi.

Kisha matope yakanivua kandambili ya mguu wa kushoto. Nikauweka mguu mtupu kwenye ukingo wa mtaro ili niiname kuitafuta. Jembe likashuka.

Sikusikia maumivu. Nilisikia ubaridi, kama maji yamemwagika pale, na mlio mfupi wa chuma kugonga kitu ambacho si jiwe. Nilipotazama, kidole kidogo hakikuwepo, na kile kinachokifuata kilikuwa kimepasuka upande. Damu ilikuja baadaye kidogo, yote kwa mara moja. Nikainua macho nimtazame usoni. Hakupiga kelele. Hakushika kichwa kama wanawake wengine waliokuwa wanakimbilia kwetu. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Uso ule ndio uliotusumbua baadaye.

Alitupa jembe, akapiga magoti ndani ya maji, akapapasa matopeni kwa mikono miwili mpaka akakipata kidole. Alikifunga ndani ya jani la mgomba. Kisha akavua pagne yake ya juu, kitenge cha kujifunga, akaikaza kwenye mguu wangu kwa nguvu hadi nikalia, akaniambia, “Inua muguu. Inua juu, usiushushe.” Yeye na shefu wa avenyi walinilaza kwenye boroweti, juu ya matope, wakanisukuma kupanda mpaka barabara ya lami, ambapo kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyobeba kreti tupu ilituchukua hadi hospitali. Njia nzima aliushika mguu wangu juu ya mapaja yake. Njia nzima jani lile lilikuwa kwenye mkono wake mwingine.

Daktari alikuwa kijana aliyesomea Kinshasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatafuta njia. Alilifungua jani, akakitazama kidole, akakiweka kwenye sahani ya chuma.

“Hii haitarudi, sitwayeni,” aliniambia, yaani mwananchi, kama tulivyoitana miaka ile. “Mishipa yake ni kama nywele, na udongo umeingia ndani. Nikishona, itaoza na itakuharibia muguu. Afazali tusafishe vizuri, tulinde hivi vingine.”

Walinichoma sindano za ganzi kuzunguka kidonda. Walikiosha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha kwa dawa iliyonuka kama maji ya javel ya kung’arishia nguo. Nilisikia kifaa chake kikipunguza ncha ya mfupa. Maumivu hayakuwepo, sauti tu, kama mtu anayekata kucha ngumu. Alinieleza kwamba mfupa ukiachwa umejitokeza, nyama haiwezi kuufunika. Kidole cha pili alikishona nyuzi mbili, kwa tumaini. Penye kidole kidogo hakushona. Alisema jeraha lililoingia matope halifungwi siku ile ile. Linaachwa bila kushonwa chini ya pansema, yaani bendeji, linatazamwa, na likiwa safi ndipo linashonwa. Nikapewa sindano ya pepopunda na penisilini, nikapelekwa wodi ya wanawake.

Mama alifika na mkeka, sufuria na makaa, kama ilivyokuwa desturi ya kila anayemlinda mgonjwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

“Nani alikukata?”

“Jirani.”

“Wa chini?”

“Ndiyo.”

Aliitazama pansema. “Na kidole kiko wapi?”

Sikujua. Nilikuwa nimekiona kwenye sahani, baada ya hapo sikukiona tena. Mama aliondoka kwenda kuuliza, akarudi baada ya muda. Mfagiaji alimwambia vitu kama hivyo huchomwa. Mtu mwingine alimwambia huzikwa nyuma ya jengo. Mwuguzi wa zamu iliyokwisha ndiye angejua, naye alikuwa ameenda kwake, hatarudi mpaka wiki ijayo.

“Majibu mawili kwa kintu kimoja,” mama alisema. “Kuko mutu anajua.”

Kesho yake jirani alikuja. Alileta ndizi zilizopikwa na samaki wa ziwani, sufuria imefungwa vizuri kwa kitambaa cheupe. Aliiweka chini, akauliza kama nililala. Nikamjibu nililala. Akasimama kidogo, akaenda. Hakuomba radhi. Huenda alikuwa akingoja nimwambie kwamba haina neno, nami nilikuwa nikingoja aanze yeye.

Mama hakuigusa sufuria kwa mkono mtupu. Aliisogeza kwa ufagio mpaka mlangoni, akataka kuimwaga. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga na mwenye jamaa wachache, akasema, “Mama, kama hamuikule, munipe.” Alikula yote. Tulimtazama jioni nzima. Asubuhi aliamka akilalamikia nyonga yake kama siku zote, na mama akaninong’oneza kwamba hilo halikuonyesha kitu, kwa sababu chakula hakikupikwa kwa jina la yule mwanamke.

Ningekuwa mzima ningecheka. Lakini siku ya tatu kidole kisichokuwepo kilianza kuwasha. Kiliwasha pale pale kilipokuwa, nje ya ukingo wa mguu, kwenye hewa tupu. Mara nyingine nilikihisi kama kinakunjwa na mtu polepole kuelekea chini. Nilimwambia mama, na nilijuta mara tu nilipoona macho yake.

“Kiko mu mikono ya mutu,” alisema. “Anakifanyia kazi ya uchawi.”

Mwuguzi aliyenibadilishia pansema, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia mshipa uliokatwa bado unadhani kidole kipo, na unaendelea kupeleka habari zake kichwani. “Itapunguka,” alisema. “Hata basoda waliokatwa muguu banajikunaka hewani.” Nilimsikia, nikamwelewa. Mimi mwenyewe nilifundisha watoto somo la mwili wa binadamu, na nilichora mishipa ubaoni kwa chaki ya bluu. Lakini alipoondoka, kidole kilikunjwa tena, na elimu yangu yote haikunisaidia.

Nikaanza kuona mambo. Kwa nini jirani alikuja kila siku, saa ile ile? Kwa nini alizungumza na mwuguzi mzee mlangoni kabla ya kuingia, na wote wawili wakinyamaza nilipowaangalia? Kwa nini alikaza macho kwenye mguu wangu na si usoni? Nilirudia ile asubuhi kichwani mara nyingi mno: jembe linapanda, mimi nainama, jembe linashuka. Kila niliporudia, nilimwona akisita kidogo jembe likiwa juu. Sasa sijui kama alisita, au kama mimi ndiye niliyemsitisha.

Siku ya tano mama alikwenda Walungu na kurudi, na ndani ya kanga yake kulikuwa na unga mweusi kwenye kipande cha karatasi. Dada yake ndiye aliyempa, na dada yake alipewa na mtu anayejua. Ilikuwa saa za mchana, wauguzi wakila. Mama alisimama kati yangu na mlango.

“Hii inakata kazi yao,” alisema. “Kama dawa ya hapa iko safi, haitaharibu. Kama bameichezea, itaikamata.”

Napenda kusema nilikuwa usingizini, au nina homa. Nilikuwa macho kabisa. Niliinua mguu mwenyewe ili afungue pansema kwa urahisi. Tukanyunyiza unga kwenye nyama iliyokuwa nyekundu na safi, na kwenye nyuzi mbili za kidole cha pili. Tukafunga tena. Tulifanya hivyo siku tatu, kila mara baada ya mwuguzi kumaliza kazi yake.

Siku ya nne tangu tuanze unga ule, mwuguzi mzee aliinama juu ya mguu, akasimama na mkasi mkononi bila kukata.

“Nani alifungua pansema?”

Mama alianza kukunja mkeka wake.

“Miye nafungaka fundo yangu huku, ku upande. Hii iko juu. Nani alifungua?”

Mama akasema, polepole, akitazama sakafu, “Ni mwanamuke anakuyaka na sufuria. Jana tulimukuta hapa, mutoto analala.”

Mwuguzi alinigeukia mimi. “Ni kweli, mwalimu?”

Sikusema ndiyo. Nilifumba macho kama mtu aliyechoka, nikayaacha yafumbike, na jambo likawa limejibiwa. Alasiri ile nilisikia sauti mlangoni mwa wodi. Jirani alikuwa anazuiwa kuingia. Hakubishana. Nilisikia tu sufuria ikiwekwa chini kwenye saruji, kisha ikiinuliwa tena.

Nililala upande na kujiambia kwamba kunyamaza kwake kulionyesha ana hatia. Mtu asiye na hatia, niliwaza, angepiga kelele.

Siku mbili baadaye homa ilikuja kweli. Mguu ulivimba hadi kifundo, na pansema ilinuka kabla haijafunguliwa. Daktari alipoifungua, kidole kile cha pili kilikuwa kimekuwa cheusi kuanzia ncha, na kwenye jeraha kulikuwa na chembechembe ambazo si usaha wala damu. Alizichukua kwa pamba, akazinusa, akaziangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akamwomba mama atoke nje.

Alivuta kiti. Hakunikaripia, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

“Sitwayeni, weye ni mwalimu. Nieleze. Nikijua ni nini, naweza kusaidia. Nisipojua, nakata tu.”

Nikamwambia yote: unga, Walungu, mama, siku tatu, mguu nilioinua mwenyewe. Nilimwambia pia kuhusu jirani, kwamba hakugusa kitu. Aliandika kwenye karatasi yangu, akauliza rangi ya unga na kama ulichanganywa na majivu au kinyesi cha mnyama. Sikujua. Akasema kidole cha pili hakiponi tena, ila tukikitoa leo, vingine vitatu vitabaki.

Walinichoma sindano mgongoni iliyotia ganzi miguu yote miwili. Nilikuwa macho, nikitazama taa. Safari hii nilimwomba mwuguzi mzee anionyeshe walichokitoa, naye alikiinua kwa koleo ili nikione. Kilikuwa kidogo, cheusi, kama kitu cha jikoni kilichosahaulika motoni. Yeye akasema, taratibu, “Hiki hakuna mutu alikikata, mwalimu. Hiki ni yenu.”

Baada ya hapo mguu ulipona kama daktari alivyosema tangu mwanzo ungepona. Jeraha liliachwa wazi, likaoshwa kila asubuhi, likageuka jekundu, kisha likashonwa. Nilichomwa penisilini hadi makalio yakawa magumu. Mwuguzi mzee alinifundisha kutembea kwa kisigino kwanza, halafu kwa upande wa kidole gumba, na siku moja, akiwa ananishika kiwiko, nilimwuliza habari za kile kidole cha kwanza.

“Mama aliyekuleta alikiomba,” alisema. “Mwenzangu wa zamu akamupa. Aliniuliza kila siku kama umeshauliza. Nilimwambia bado.”

Nilirudi nyumbani kwa fimbo. Mama hakutaka kuzungumza juu ya unga. Alisema tu kwamba bila ule unga ningekufa. Nilimwacha na hilo. Siku ya tatu, mchana, yeye akiwa misa ya wanawake parokiani, nilizunguka ua polepole, nikaenda kwa jirani.

Alikuwa anachekecha unga uani. Alinitazama mguu, kisha, kwa mara ya kwanza toka mwaka wa shule uishe, akanitazama usoni. Akaleta kiti. Yeye alibaki amekaa kwenye kigoda chake.

“Nilikuwa mubaya kwako,” nilisema. “Tulisema ulifungua pansema. Hukufungua. Ni sisi.”

“Najua.”

“Ulijuaje?”

“Miye sikufungua. Basi alibaki nani?” Akaendelea kuchekecha. Vumbi jeupe la muhogo lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

Nikamwuliza kidole kiko wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa kwetu, nyuma ya jiko letu, penye migomba.

“Nilikizika kwenu siku ile ile ya Jumamosi, mama yako akiwa amekuya ku opitali. Nilimwita shefu wa avenyi aone, na mama wa nyumba ya tatu. Baliona shimo, baliona jani, baliona nimefunika. Nilijua mutasema nimekichukua. Nikatafuta batu ba kusema hapana.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Weye uliniuliza?”

Wakati mimi nilipokuwa kitandani nikimkusanyia ushahidi, yeye tayari alikuwa ameshajipangia mashahidi wake. Alitufahamu vizuri. Hata sufuria, aliniambia, aliifunga kwa kitambaa cheupe makusudi, ili ionekane haikufunguliwa njiani.

Nilipaswa kushukuru na kuondoka. Lakini nilikuwa nimebeba swali lile muda mrefu mno.

“Siku ile,” nilisema, “uliona muguu yangu?”

Aliweka chekecheo chini. Alifikiri. Hakukasirika, na hakufanya haraka.

“Niliona,” alisema. “Niliuona, lakini mikono ilikuwa imeshaenda.”

Akachukua tena chekecheo. Tulisikiliza watu wakipita njiani. Baadaye alinipimia unga kwenye kikombe, akaumimina kwenye kitambaa, nikabeba kwa mkono usio na fimbo.

Nimeishi na jibu lile miaka mingi. Mwanzoni nililielewa kwa njia moja tu, njia ya mtu aliyechelewa kuzuia chombo kizito, na likanitosha karibu mwaka mzima. Kisha siku moja, bila sababu, nilikuwa nasahihisha madaftari nikalisikia tena kwa sauti nyingine, ya mtu ambaye hakutaka kuizuia mikono yake, nikaacha kalamu. Linaweza kusomwa hivi na hivi. Kuna wakati nadhani hata yeye hakujua alimaanisha lipi.

Tulisalimiana tena, kila asubuhi, kwa heshima. Mama aliendelea kusukuma kwa ufagio kila kilichotoka nyumba ile, mpaka alipozeeka na kusahau kwa nini. Mimi nilikula unga wake. Niliupika siku ile ile, mama akinitazama kutoka mlangoni, na sitaficha: nilionja kidogo kwanza, nikangoja, ndipo nikala.

Mguu wangu umezoea. Kuteremka milima ya Bukavu ndiko kugumu, kwa sababu uzito unaenda mbele na upande ule hauna cha kushikilia ardhi. Naweka pamba kwenye ncha ya kiatu cha kushoto, kama mwuguzi alivyonionyesha, na kwenye mteremko natembea kwa upande, polepole, nikiwaacha wengine wapite.